Ruhusa Ipo

3 Machi

Dada,

Salamu nitazitia mwishoni kama nafasi itabaki. Naandika kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Nikianza kusema, wewe unaitwa kazini. Na mama akisikia sauti yako ananinyang'anya simu, analia, na maongezi yanaishia hapo. Barua haikatiki. Nimempa kondakta wa basi aiache getini kwenu.

Mama ameanguka tena. Hakuumia sana. Alitaka kwenda msalani peke yake kwa sababu anamwonea haya mkwewe. Upande wa kushoto bado umelala kama ulivyouacha, mkono na mguu. Lakini si hilo linalonifanya niandike. Daktari aliniita pembeni akasema kichwa nacho kimeanza kumchanganya. Juzi alimwuliza mke wangu yeye ni mtoto wa nani. Jana mimi aliniita kwa jina la mjomba. Wewe bado anakujua, dada. Kila asubuhi anauliza, "Mkubwa amefika?" Daktari hakutaja muda na mimi sikumbana. Alisema tu kwamba kama kuna mtu anayesubiriwa na mama, aje wakati mama bado anakumbuka anamsubiri nani.

Sasa sikiliza kinachonichoma. Mwalimu mwenzangu kaja na gazeti ofisini. Picha kubwa: kiwanda chenu cha sare, meneja wenu ameshika kikombe cha ushindi, meno yote nje. Kiwanda Rafiki wa Familia! Imeandikwa kwamba mfanyakazi mwenye mgonjwa nyumbani anapewa ruhusa yenye mshahara, na kwamba tangu mpango uanze watu wanafanya kazi vizuri zaidi. Wenzangu wakanipongeza: "Ticha, dada yako kaangukia pazuri." Nikacheka nao, kisha nikakaa kusahihisha madaftari kwa hasira hadi nikampa mtoto sifuri kwa jibu sahihi.

Kwa hiyo ruhusa ipo. Miezi yote hii unaniambia kazi imebana, kazi imebana, kumbe ruhusa ipo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, dada. Dawa unazotuma zinafika, asante. Mama hajaulizia dawa.

Salamu: tuko wazima, isipokuwa wasio wazima.

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisomea chooni, ndipo mahali pekee hapa ambapo mtu haulizwi unafanya nini. Mlinzi wa getini alikuwa ameigeuza bahasha pande zote akataka kujua huyo Ticha ni nani wangu. Nikamwambia ni mtu anayenidharau kwa mwandiko mzuri.

Kile kikombe kimo kwenye kabati la kioo getini. Kila asubuhi tunakipita tukikaguliwa mifuko. Na ruhusa ipo, hukukosea. Ukienda ofisini, meneja anakupa kiti, anakupa pole, anasaini. Si mtu mbaya. Nataka uelewe hilo, maana angekuwa mbaya ningejua cha kufanya.

Shida inaanza ukirudi mezani. Sisi hatupimwi mtu mmoja mmoja, inapimwa meza nzima. Meza yetu ni mimi ninayekata, washonaji watatu, na Mzee Pasi ambaye jina lake linakwambia kazi yake. Nguo zilizotoka safi zinaandikwa kwenye ubao ukutani. Meza iliyoshika mkia inafanya kazi Jumamosi, wengine wakiwa nyumbani na watoto wao. Na mtu akiwa kwenye ruhusa ya mgonjwa, meza inahesabiwa kana kwamba wote wapo. Umeelewa hapo, mwalimu? Nikija kumwuguza mama, watakaolipa ni wenzangu.

Mwaka jana Bi Vifungo wa meza ya dirishani aliomba, mwanawe alikuwa amelazwa. Akapewa siku hiyo hiyo. Aliporudi hakutukanwa na mtu, walimsalimia vizuri tu. Lakini saa ya chakula alikuta benchi limejaa. Kesho yake limejaa. Akawa anakula amesimama karibu na mapipa ya vitambaa chakavu hadi mwenyewe akaomba kuhamishwa. Tangu hapo hakuna aliyeomba tena, na ofisini wanaamini ni kwa sababu hatuna shida.

Tuna oda kubwa ya sare za hospitali. Ikiisha, mwishoni mwa mwezi ujao, nitachukua likizo yangu ya mwaka. Ile haihesabiwi kwa meza. Mwambie mama Mkubwa anakuja. Mwambie kila asubuhi.

Na usinione jiwe. Hapa wananiita Mkasi. Hakuna kitambaa kilichowahi kurudishwa kwa sababu ya mkono wangu, na jina hilo ndilo ngao yangu. Likiondoka, ninabaki mwanamke wa makamo mwenye mgongo mbovu, na wa namna hiyo wamejaa getini wakitafuta kazi.

Dada yako

Yule mtoto mrudishie alama zake.


14 Machi

Ndugu Meneja wa Uzalishaji,

Mimi ni mdogo wake mkata vitambaa wenu, yule mnayemwita Mkasi. Yeye hajui kwamba nakuandikia, na akijua nitajuta. Mama yetu amepooza upande mmoja na sasa anaanza kupoteza kumbukumbu. Anamwita dada yangu kila siku. Nimesoma gazetini kuhusu mpango wenu mzuri wa kuzijali familia. Dada hawezi kuomba kwa sababu anawaonea haya wenzake wa mezani. Naomba umpe ruhusa bila yeye kuiomba, ili iwe amri wala isiwe hisani. Amri ataitii.

Samahani kwa kuingilia mambo ya ofisi yako.

Wako katika heshima,
Mwalimu, mdogo wake


19 Machi

Kwa Mkata Vitambaa, Meza ya Nne

Pole sana kwa kuuguliwa na mzazi. Nimepokea barua ya ndugu yako na nimesikitika kwamba hukuja kwangu, ilhali mlango wangu uko wazi wakati wote. Ruhusa yako imekubaliwa kuanzia Jumatatu, wiki tatu, mshahara kamili.

Ili usirudi moja kwa moja kwenye mbio za mezani, ukirudi utapangiwa stoo ya nyuzi. Ni kazi nyepesi, ya kukaa. Lichukulie hilo kuwa sehemu ya kukujali. Tungependa pia picha yako ukiwa na mama, kwa ajili ya jarida letu.

Tafadhali saini hapa chini, au andika sababu ya kutokubali.

Meneja wa Uzalishaji

Nashukuru. Sikubali. Mama yangu anaendelea vizuri na ana watu wa kumtazama. Ndugu yangu hupenda kutia chumvi.
Mkata vitambaa


20 Machi

Wewe,

Pilipili usiyoila yakuwashia nini? Nani alikutuma kwa meneja?

Nimepewa ruhusa yako. Imekuja na zawadi: nikirudi, nihamie stoo kupanga nyuzi, nyekundu na nyekundu, bluu na bluu. Hakuna aliyewahi kuingia stoo akarudi kwenye kisu cha umeme cha kukatia. Mtu anaingia mle kupumzishwa, na akishapumzika wanagundua kwamba hata bila yeye mambo yanakwenda. Ndivyo walivyomjali fundi wa mikono ya mashati alipokuwa na ujauzito. Walimjali hadi akaacha kazi mwenyewe.

Na barua yako meneja aliiacha juu ya meza yake, karani akaisoma, kufikia saa ya chakula kiwanda kizima kinajua kwamba ninawaonea haya wenzangu. Umenivua nguo mbele ya watu. Leo Mzee Pasi amenipa chai yake, akarudi kwenye pasi. Sijui kama alikuwa ananihurumia au ananiaga.

Nimekataa. Nimeandika kwamba mama anaendelea vizuri na wewe unatia chumvi. Usiniandikie tena mpaka oda iishe.

Dada yako, kwa bahati mbaya


26 Machi

Dada,

Umeandika kwa mkono wako kwamba mama anaendelea vizuri. Sawa. Nitamsomea.

Leo asubuhi hakuuliza kama Mkubwa amefika. Nikangoja nikidhani atauliza baada ya uji. Hakuuliza. Labda alichoka tu.

Sisi tuko salama, hatuhitaji kitu.

Mdogo wako


8 Aprili

Wifi yangu,

Najua mdogo wako hakukuambia kwamba nimeondoka, na wewe hujauliza, kwa hiyo najisema mwenyewe. Nipo kwa wazazi wangu na binti yetu, tangu katikati ya Machi. Zile "sisi tuko salama" anazokuandikia, hiyo "sisi" ni yeye na mama tu.

Sikumkimbia mama. Mama nimemwogesha, nimemgeuza, amenitukana na amenibariki, tulikuwa tumezoeana. Niliyemkimbia ni ndugu yako. Anafundisha kipindi, anakimbia nyumbani kumgeuza mama, anakimbia tena shuleni, anafika kipindi cha pili kimeshaanza. Mwalimu mkuu amemwandikia onyo. Alisimamia mtihani akasinzia, darasa zima likanakili kwa mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe alikuwa amekosea. Aliomba apangiwe vipindi vya mchana tu, akaambiwa ratiba ni ratiba. Hasira yote hiyo anailetea wapi? Kwangu. Nikimwambia amwombe dada yake aje, anasema dada ana kazi kubwa, mwache.

Ndiyo, wifi. Kwako anakulaumu, kwangu anakutetea.

Siku niliyofunga mizigo, binti yetu alimwonyesha picha aliyoichora. Akaitia alama ya vyema kwa kalamu nyekundu bila kuitazama, akarudisha. Mtoto hakulia, alikuja akaniuliza amepata ngapi. Nikaona basi.

Sikuandikii ili nikulaumu. Nakuandikia kwa sababu kati yenu wawili hakuna anayemwambia mwenzake ukweli, na mama ndiye anayelala katikati.

Wifi yako,
Mama Kidoti


15 Aprili

Wifi,

Barua yako imenikuta siku mbaya kuliko zote nilizowahi kuziona humu, na sina mwingine wa kumwambia.

Suruali hukatwa hivi. Kitambaa kinatandikwa tabaka juu ya tabaka, moja uso juu, moja uso chini. Kisu kikipita mara moja unapata mguu wa kushoto na wa kulia. Hata mwanagenzi wa wiki ya kwanza analijua hilo. Mimi nikatandika zote uso juu. Nilikuwa nimesimama pale lakini akili iko kwa mama, nawaza amelalia upande gani. Nikawasha kisu, nikakata rundo zima, nikaenda kunywa maji.

Mshonaji wa kwanza akaita, "Mkasi, wa kulia uko wapi?" Tukapekua. Miguu ya kushoto mitupu, wifi, kitambaa chote cha hospitali. Mzee Pasi akainua mmoja juu, akasema, "Wagonjwa wa huko watahudumiwa na watu wanaorukaruka." Tulicheka hadi mmoja wetu akakaa chini. Kisha wote tukageuka kuutazama ubao.

Tumeshika mkia, na si wa wiki hii tu. Jumamosi za mwezi mzima zimekwenda. Nilikataa kwenda kwa mama ili wenzangu wasipoteze Jumamosi zao, nimekaa hapa nikazipoteza zote kwa mkono wangu mwenyewe. Mchuma janga hula na wa kwao.

Wakaniuliza nina nini. Nikasema yote, hata lile la kuandika kwamba mama anaendelea vizuri. Mshonaji wa pembeni akanijia juu: "Sasa kwa nini hukusema?" Nikamjibu, "Ningesema, benchi lingejaa." Hakuna aliyebisha. Baadaye Mzee Pasi, akiwa ameiacha pasi imesimama, akasema mkewe anasafishwa figo, na yeye kila akitoka hapa huenda kukaa naye hospitali. Wa pembeni ana mtoto asiyeongea. Tumegusana viwiko miaka yote hii, kila mmoja ana mgonjwa wake na kila mmoja anamwogopa mwenzake. Nimekasirika, wifi, sijui hata nimkasirikie nani.

Mwambie Kidoti aniletee ile picha. Nitaitazama vizuri.

Wifi yako


16 Aprili

Ndugu Meneja,

Ile sentensi niliyoiandika chini ya barua yako, kwamba mama anaendelea vizuri, naomba uifute. Haendelei vizuri.

Miguu ya kushoto ni kosa langu na sina kisingizio. Lakini umeniuliza kwa nini Mkasi akosee kosa la mwanagenzi, nami nakujibu. Mtu anayekata hapa huku moyo wake uko kwingine ni hasara kwako kuliko mtu asiyekuwepo. Asiyekuwepo haharibu kitambaa.

Meza nzima tunaomba mambo mawili, na wote tumesaini. Kwanza, mwenye ruhusa ya mgonjwa asihesabiwe kwenye ubao. Meza yenye watu wanne ipimwe kwa watu wanne. Pili, anayekwenda kuuguza akute mahali pake alipopaacha. Stoo ya nyuzi si pole, ni adhabu yenye kiti.

Kikombe kile sitaki kukisema vibaya. Ila kikombe kiko getini na ubao uko ndani, na sisi tunafanya kazi ndani.

Naomba ruhusa yangu. Safari hii naiomba mwenyewe.

Mkata vitambaa, Meza ya Nne


28 Aprili

Kwa Mkata Vitambaa, Meza ya Nne

Samahani kwa kuchelewa. Suala la ubao lilibidi lipande juu na kushuka, na wakubwa hawakuwa na haraka. Wamekubali kwa meza yako peke yake, kwa majaribio: mwenye ruhusa hatahesabiwa. Wanataka kwanza kuona kama kazi itashuka. Kisu chako kitakungoja, nimeliandika hilo na kulisaini.

Nilidhani mlango ulio wazi unatosha. Sikujiuliza kwa nini hakuna anayeingia. Mimi mwenyewe sijachukua likizo tangu nishike ofisi hii, na sijui ningemwomba nani.

Nenda kesho. Picha si lazima.

Meneja wa Uzalishaji


6 Mei

Ticha,

Hii nimempa kondakta yule yule, aiache dukani karibu na kwa wakwe zako. Usiharakishe kurudi. Kaa na mkeo, zungumzeni mpaka mchoke, na kama Kidoti atakuonyesha picha, weka kalamu chini. Mwalimu mkuu nimemwendea mwenyewe. Nimemwambia nipo kwa mama, kwa hiyo ukirudi hutakimbiakimbia tena. Alinisikiliza kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu, lakini alinisikiliza.

Mama ameoga, amekula, amenisuta kwa namna ninavyokunja shuka. Mkono wake wa kulia bado una nguvu, kanifinya kwelikweli.

Ulijua, na hukuniambia. Ulinipisha mlangoni na begi lako, ukasema, "Yuko ndani," basi, na hukunitazama usoni. Ningekuwa wewe labda ningefanya vivyo hivyo. Lakini nimekukasirikia, nimejikasirikia mimi zaidi, na zile siku walizokuwa wanapandisha barua na kuishusha sitazisamehe.

Niliingia nikasema, "Shikamoo mama." Akaitikia vizuri, akanikaribisha, akaniuliza kama mimi ndiye niliyeletwa kumsaidia. Nikasema ndiyo. Akanishika kiganja, akakigeuza, akagusa sugu la kisu. Akasema, "Binti yangu ana sugu kama hili. Mkubwa. Anakata nguo, hakuna anayemfikia." Kisha akashusha sauti, kama mtu anayemtetea mtoto wake kwa majirani: "Angekuja mwenyewe. Hawampi ruhusa. Watu wa huko wabaya sana."

Amewalaani wote, Ticha, kuanzia mlinzi wa getini mpaka meneja. Nami nikakaa pale na ruhusa mfukoni, imesainiwa, nikashindwa kusema kwamba ruhusa ilikuwepo siku zote.

Nikamwambia, "Wamempa, mama. Yuko njiani."

Alifurahi sana. Leo ameamka akitaka nimfunge kile kitambaa chake kizuri cha kichwani, Mkubwa asije akamkuta vibaya, na nimtoe nje. Nimemfunga, nimemtoa. Tumekaa mlangoni sasa hivi ninapoandika, mimi na yeye, tunamsubiri.

Dada yako